UZI: Sukari iliyohukumiwa kufa ikafufuka. Swali tunalosahau kuuliza kuhusu chakula ghushi

1/ Kila msimu wa siasa lazima mtu apande jukwaani aseme "wanatulisha sumu!" Umati unapiga makofi. Upande wa pili unajibu "hiyo ni vita ya biashara tu!" Umati mwingine unapiga makofi. Kisha wote tunaenda nyumbani kupika ugali na unga ule ule. Leo tuongee historia ya serikali ya Kenya na chakula ghushi. Sheria za uzi mnazijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Leo hata chapa sitataji.

2/ Nianze nyumbani. Novemba 2019, niko kidato cha pili, shule zimefungwa. Redio ikatangaza kwamba chapa tano za unga wa mahindi zimepigwa marufuku kwa sababu ya aflatoksini, ile sumukuvu. Mama alikuwa amefungua pakiti ya moja ya hizo chapa asubuhi hiyo hiyo. Akanituma dukani nirudishe. Mwenye duka akasema iliyofunguliwa hawezi kupokea, na hata zile ambazo hazijafunguliwa yeye mwenyewe hajui atampelekea nani.

3/ Nikarudi nayo. Mama akaiweka juu ya kabati siku tatu akingoja kama kuna tangazo lingine. Hakuna. Siku ya nne akaniambia nimwage, na nisiwape kuku. Pesa ilienda hivyo. Jirani yetu mwenye watoto watano hakumwaga, na sijawahi kumlaumu. Tangazo la serikali lilitufikia sote. Kilichokosekana ni hatua zote zinazofaa kufuata baada ya tangazo. Hiyo ndiyo hoja ya uzi huu.

4/ Kwanza tumalize hii ya "hatuna sheria." Tunazo, tena nyingi. Sheria ya Afya ya Umma ni ya 1921, wakati wa mkoloni. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali ni ya 1965, hata miaka miwili baada ya uhuru haijaisha vizuri. Sheria ya Viwango iliyozaa shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, ni ya 1974. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora na haki ya kupewa habari anazohitaji. 2012 tukaongeza Sheria ya Kumlinda Mtumiaji.

5/ Ile ya 1965 inagusa makosa mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kuuza chakula chenye madhara au kilichochakachuliwa. La pili ni kudanganya kwa lebo au tangazo, kusema kitu ni hiki kumbe ni kile. Hilo la pili halihitaji mtu augue. Maziwa yaliyotiwa maji hayaui, lakini umelipia maziwa ukapewa maji. Wazo hili ni la zamani: sheria ya Uingereza ya 1875 tayari ilikataza kumuuzia mtu chakula tofauti na kile alichoomba.

6/ Sasa tushike sukari, kwa sababu ndiyo huleta kelele kuliko zote. Ukisikia "sukari haramu" kwa mdahalo, uliza ni haramu kivipi. Kuna sukari ya magendo: imeingia bila kulipa ushuru, lakini inaweza kuwa safi kabisa. Kuna sukari chafu: inaweza kuwa imelipiwa ushuru wote, na bado haifai kuliwa. Na kuna sukari ya kudanganya: imetoka nje, ikapakiwa upya kwa gunia lililoandikwa jina la kiwanda cha hapa.

7/ Haya ni makosa matatu, na kila moja lina ushahidi wake. La kwanza unalithibitisha kwa stakabadhi za bandarini. La pili kwa maabara. La tatu kwa gunia lenyewe, lebo, na vitabu vya ghala. Mwanasiasa akiyafunga yote matatu kwa neno moja, "sumu", anakuwa amefanya kesi iwe ngumu. Kwa sababu maabara ikisema sumu haipo, mwenye mzigo anatoka akitabasamu, na makosa yale mengine mawili hakuna anayeyakumbuka.

8/ Ndiyo yaliyotupata 2018. Mwaka uliotangulia kulikuwa na ukame na upungufu, serikali ikaondoa ushuru kwa sukari ya kutoka nje, na mizigo ikaingia kwa wingi. Kufikia katikati ya 2018 maafisa walikuwa wanavamia maghala na kuonyesha magunia kwa kamera. Waziri mmoja akasema sukari ina zebaki na shaba. Waziri mwingine, wa serikali hiyo hiyo, akasema zebaki haimo. Sisi wananchi tukabaki katikati na kikombe cha chai mkononi.

9/ Bunge likaunda kamati. Kamati ikaandika ripoti. Agosti 2018 ripoti ikafika bungeni na wabunge wakaiangusha, huku kukiwa na madai kwamba kuna waliopewa kitu kidogo ili wapige kura hivyo. Hayo yalikuwa madai, na sitayageuza kuwa ukweli hapa. Ila matokeo yanajulikana: taifa zima liliogopa sukari kwa miezi, na mwishowe hatukupata taarifa moja rasmi ya kusema nini kilikuwa ndani, kiliingiaje, na nani alikuwa na kosa.

10/ Lakini kuna mzigo mmoja wa wakati huo nataka tuufuate hadi mwisho. Magunia 20,000. Kama ni magunia ya kilo 50, hizo ni tani 1,000. Sukari hii ilitangazwa 2018 kwamba haifai kuliwa na binadamu. Uamuzi uliokuwepo ni kwamba isiingie sokoni, igeuzwe iwe ethanoli ya viwandani. Kwa maneno mengine, sheria ilifanya kazi yake. Ilipimwa, ikahukumiwa. Ukimuuliza mtu wakati huo angekuambia mambo yamekwisha.

11/ Mei 2023, miaka mitano baadaye, tukaambiwa magunia yale yametoka kwa njia isiyo halali. Maafisa 27 wa serikali wakasimamishwa kazi, kutoka kwa taasisi mbalimbali zilizokuwa na mkono kwa mzigo huo, KEBS na mamlaka ya ushuru zikiwemo. Kumbuka kusimamishwa kazi si kupatikana na hatia. Lakini tazama ile idadi tena. Ghala moja, sukari ambayo ilishahukumiwa, na bado saini za ofisi kadhaa zilikuwa zinaizunguka.

12/ Hapa ndio nilielewa kitu. Tunajadili sana mlango wa kuingilia: bandari, mpaka, magendo. Mlango wa kutokea hatuuangalii. Mzigo ukishikwa, unalala wapi? Nani ana ufunguo? Nani analipia ghala? Nani anashuhudia ukiharibiwa? Chakula kilichoshikwa bado ni pesa, na kikikaa miaka mitano kinangoja tu mtu wa kukipigia hesabu.

13/ Twende kwa unga sasa, kwa sababu huko historia ni ya makaburi. Mwaka 1981 Machakos ilipata mlipuko wa aflatoksini, watu 12 wakafa. Mwaka 2004 ukaja mkubwa zaidi, hasa Makueni na Kitui: wagonjwa 317, na kati yao 125 walikufa. Aflatoksini inatengenezwa na kuvu inayoota kwa mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa na unyevu. Inashambulia ini. Ukishasaga huioni, na kusonga ugali hakuiondoi.

14/ Wachunguzi walienda masokoni 2004, Makueni, Kitui, Machakos na Thika, wakachukua sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake. Kiwango cha mwisho wakati huo kilikuwa mikrogramu 20 kwa kilo. Asilimia 55 ya sampuli zilipita hapo. Asilimia 7 zilipita 1,000. Soma hiyo tena polepole. Na hii haikuwa stoo ya mkulima mmoja aliyezembea, ilikuwa soko ambalo mtu yeyote angeingia na kununua.

15/ Serikali ilifanya jambo moja zuri 2004 ambalo halitajwi kwa midahalo: pamoja na kukagua na kuondoa mahindi mabaya, ilipeleka mahindi ya kubadilisha. Hapo kuna somo. Ukimnyang'anya mtu mwenye njaa gunia lake la pekee bila kumpa lingine, ataficha. Si ujinga. Njaa anaijua leo usiku, ini litamuuma mwezi ujao. Hata hivyo 2005 na 2006 wagonjwa walionekana tena sehemu zile zile. Msaada wa dharura haukugeuka kuwa mfumo.

16/ Baadaye kiwango kikakazwa hadi mikrogramu 10 kwa kilo. Kwa pakiti ya kilo mbili hiyo ni mikrogramu 20, chini ya uzito wa chembe moja ya chumvi. Ndiyo maana huwezi kumwambia mama "kagua unga wako vizuri." Atakagua na nini? Hapa hakuna "mnunuzi awe mwangalifu." Kama maabara ya umma haijapima, hakuna mtu mwingine mezani anayeweza kujua.

17/ Novemba 2019 ndiyo ile ya pakiti ya mama. Chapa tano zikapatikana zimepita kiwango, leseni zao zikasimamishwa, kampuni zikaamriwa kuondoa unga sokoni. Mapema mwaka huo huo chapa kadhaa za siagi ya njugu zilikuwa zimepatwa na hayo hayo. Kwa hivyo si kweli kwamba KEBS hulala. Hupima na hutangaza. Lakini amri ya kuondoa sokoni ilifika kwa kiwanda. Duka letu la mtaani, linalonunua kwa muuzaji wa jumla, lilisikia kwa redio kama sisi tu.

18/ Chapa zingine zilirudi rafu baada ya muda. Labda walirekebisha, na hiyo ni haki yao. Lakini kutoka "usile" hadi "kula," mwananchi hakuonyeshwa katikati kulifanyika nini: kiwango kilikuwa ngapi, mahindi yalitoka wapi, yameharibiwa wapi, vipimo vipya vinasemaje. Kwa hivyo kila mtu akajaza pengo kwa hadithi yake. Wa upande huu: wamehonga. Wa upande ule: walikuwa wanaonewa. Ukimya wa ofisi ndio huzaa porojo za jukwaani.

19/ Na kwa haki, tuwasikilize wanaosema "ni vita ya biashara." Wakati mwingine wana hoja. Sumukuvu haijitandazi sawa kwa gunia, inakaa kwa mafungu. Ukichota hapa inapita, ukichota pale inaanguka. Kwa hivyo namna ya kuchukua sampuli ni jambo la haki kabisa kuuliza. Na Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ndani ya siku chache ikalegeza kwa masharti. Majirani walijiuliza: hii ni afya ama ni soko?

20/ Jibu langu: huwezi kujua mpaka data iwe wazi. Kama mahindi ya jirani yanapimwa na ya kwetu pia yanapimwa, kwa njia moja, na matokeo yote yanachapishwa, basi ubaguzi utaonekana wenyewe, na usipokuwepo pia utaonekana. Mtu anayesema anaonewa na mtu anayesema tunalishwa sumu wote wawili wanapaswa kudai kitu kimoja. Ajabu ni kwamba hakuna anayekidai.

21/ Wengine walifanyaje? Marekani ilipitisha sheria yake ya chakula na dawa safi mwaka 1906, baada ya miaka ya nyama chafu na makopo yenye kemikali. Watu hukumbuka ile sheria kwa ukali wake. Mimi nilipoisoma darasani kilichonishika ni kifungu kidogo cha uchapishaji: mahakama ikishaamua kesi, serikali ilipaswa kuchapisha hukumu. Bidhaa gani, ya nani, kosa gani, mzigo uliishia wapi. Mwananchi wa kawaida angeweza kufuata kesi hadi mwisho.

22/ Sheria hiyo ilikuwa na mashimo pia. Mwaka 1937 dawa moja ya maji ya kutibu maambukizi iliua zaidi ya watu 100, kwa sababu kiyeyushi chake kilikuwa sumu. Haikuwa lazima kampuni ipime usalama kabla ya kuuza. Mlango pekee wa kisheria ulikuwa lebo: iliitwa "elixir," neno lililomaanisha ina pombe, na pombe haikuwemo. Jina la uongo ndilo lililowapa wakaguzi nguvu ya kuishika. Kwa hivyo ukisikia mtu akicheka ati "lebo tu," mwambie hiyo.

23/ Lakini angalia walivyomaliza kazi. Karibu kikosi chote cha wakaguzi na wakemia, watu 239, kiliingia barabarani kutafuta chupa, duka kwa duka, daktari kwa daktari, hadi kwa nyumba za wagonjwa. Kati ya galoni 240 zilizotengenezwa walirudisha 234. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa. Hii ndiyo tofauti kati ya kutangaza na kuondoa. Walijua ni ngapi zimetoka, kwa hivyo walijua ni ngapi hazijarudi.

24/ Sisi tungeweza? Tatizo letu kubwa ni kugawanya kazi bila kugawanya lawama. KEBS ina viwango na alama. Mamlaka ya ushuru ina bandari na maghala. Mkemia wa Serikali ana maabara yake. Maziwa yana bodi yake, mimea ina shirika lake, bidhaa bandia zina mamlaka yake. Na tangu 2013 maafisa wa afya ya umma wanaokagua maduka wako chini ya kaunti. Kila mmoja ana kipande. Mambo yakiharibika, kila mmoja anaonyesha kipande cha mwenzake.

25/ Kwa hivyo ile ahadi ya "tutaunda mamlaka moja mpya ya chakula" isikulevye haraka. Inaweza kusaidia, inaweza pia kuwa ofisi ya kumi kwa mstari. Magunia 20,000 hayakutoka kwa sababu ofisi zilikuwa chache. Yalikuwa yamezungukwa na ofisi. Uliza kwanza kama kuna daftari moja ambalo zote zinaandika, na kama wewe na mimi tunaweza kulisoma.

26/ Msimu ujao wa midahalo, mgombea akisema atapambana na chakula ghushi, muulize haya, kwa heshima:
a) Ukishika mzigo, utauharibu ndani ya siku ngapi, mbele ya nani?
b) Matokeo ya maabara yatachapishwa yakiwa mazuri na yakiwa mabaya?
c) Mwenye duka aliyebaki na bidhaa iliyopigwa marufuku atairudisha wapi, na nani atamlipa?
d) Kesi za misako ya zamani ziliishaje?
e) Kaunti yako ina maafisa wangapi wa afya ya umma?

27/ Hilo la mwisho liulize hata kwa MCA, si lazima ungoje uchaguzi wa rais. Afisa anayeingia duka lako ni wa kaunti. Bajeti yake inapitishwa na mtu unayekutana naye kwa mazishi na kwa harambee. Na wewe mwenyewe fanya kidogo: bidhaa yenye alama ya KEBS ina namba ya kibali chini yake. Tuma SM# na hiyo namba kwa 20023 utajibiwa kampuni ni ipi na kibali kiko hai ama la. Haitakuonyesha aflatoksini, lakini alama bandia itaonekana.

28/ Nimerudi kwa hili jambo kwa sababu juzi nilimwuliza mama kama anakumbuka ile pakiti. Anakumbuka, hadi bei. Akaniuliza, "Na wale walipatikana na makosa?" Nasomea siasa, nina mtandao, nimepekua wiki mbili nzima. Nikamwambia sijui, mama. Kama kuna mtu hapa alifanya kazi kiwandani, dukani ama kwa ofisi ya afya wakati ule, tuambie chini ulichoona. Bila majina ya watu, tafadhali.